Kichuguu Katikati ya Kiwanja: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ujenzi

Swali: Jambo, Baba msanifu. Mimi na mume wangu tumenunua kiwanja katika komuni ya Annexe, hapa Lubumbashi, na katikati yake kuna kichuguu kinachozidi urefu wa mtu mara mbili. Mjomba wangu anataka tukibomoe chote, tufyatue matofali na kuyachoma kwa kuni kabla ya mvua za Novemba. Jirani naye anasema tusijiaibishe kwa udongo, tununue sima (saruji) tufyatue bloki. Sisi tungependa nyumba isiyomaliza miti wala kutuachia madeni. Tumsikilize nani? *Mama wa watoto watatu, Annexe*

Jibu: Mama, mjomba wako ana haki kuhusu udongo, ila kuhusu kuni sikubaliani naye. Kichuguu cha urefu wa mita 4 chenye kitako cha mita 14 kina udongo upatao mita za ujazo 200, nawe, kwa nyumba ya vyumba vitatu yenye kuta za jumla ya mita 50, kimo cha mita 2.7 na unene wa sentimita 14, hutahitaji hata mita 20. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukibomoa chote. Chimba upande mmoja tu, uliobaki upandie miti. Watoto wa mtaani pia watakushukuru mvua za kwanza zitakapoleta kumbikumbi.

Kabla ya kufyatua, ujue udongo wako. Jaza theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha iache mpaka kesho: mchanga utakuwa umetua chini, na udongo wa mfinyanzi juu kabisa. Udongo wa kichuguu huwa na mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayokizunguka, kwa sababu mchwa huuchagua na kuupandisha kutoka chini, na mfinyanzi mwingi maana yake ni tofali linalonywea na kupasuka. Ili kupima, tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4, ukijaze udongo uliokandwa, ukianike juani siku tatu, kisha usukumie vipande vyote upande mmoja na kupima pengo lililobaki. Likizidi sentimita 2, ongeza mchanga na upime tena.

Jambo la pili linawashinda hata mafundi wazoefu. Ndani ya vichuguu vya huku kwetu, hasa kuelekea kiini, mara nyingi hupatikana vidonge vyeupe vya chokaa. Dondoshea siki kidogo, na kikitoa povu ndicho chenyewe. Tofali lenye vidonge hivyo likichomwa hutoka tanuruni likiwa zuri, jekundu, linalolia kama kengele ukiligonga. Lakini chokaa iliyochomwa ikikutana na unyevu hufura, na baada ya mvua chache uso wa tofali unabanduka na kuacha shimo lenye doa jeupe. Nimeona ukuta mzima ukitoboka hivyo, mwenye nyumba akimlaumu mpiga lipu ambaye hakuwa na kosa lolote. Chekecha udongo, vidonge uvitupe.

Sasa, kuchoma au kutochoma? Tanuru za pembezoni mwa mji hula magogo ya miombo, msitu ule ule ambao tayari unatupatia makala ya kupikia, na bado matofali ya safu za nje hutoka yakiwa hayajaiva. Bloki za sima tupu nazo haziko mbali sana na tanuru, kwani sima yenyewe huzaliwa motoni, kwenye nyuzi joto zipatazo 1,450, na utengenezaji wake duniani kote hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Ushauri wangu ni tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono, lenye sima asilimia 5 hadi 8 tu. Lifunike, lilinde na jua, ulinyweshe maji kwa wiki moja, na usilijengee kabla ya siku 28. Msingi na safu tatu za kwanza zijengwe kwa mawe au matofali yaliyoiva vizuri, na upenu utoke nje ya ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, maana maji yanayoruka kutoka ardhini ndiyo yanayokula ukuta wa udongo kuanzia chini.

Tahadhari moja: nyumba isikae nusu juu ya mahali kilipokuwa kichuguu na nusu nje yake, kwa sababu ardhi hizo mbili hazitatitia sawasawa na ukuta utapasuka mpakani.

Na jirani anayeona aibu, mwambie kwamba Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya kijiji chake cha Gando kwa matofali ya udongo, ikakamilika mwaka 2001, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika usanifu majengo.

Swali: Nyumba yangu ya Katuba haikaliki mchana mwezi wa kumi. Fundi anasema nipanue madirisha ya magharibi. *Baba Katuba*

Jibu: Baba, usimfuate. Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu wima juu ya Lubumbashi, kwa hiyo mchana joto lako linatoka juu, kwenye bati, na dirisha la magharibi litakuongezea jua la jioni tu. Weka dari, uache nafasi kati yake na bati, utoboe matundu yenye wavu kwenye pembe mbili za ukuta chini ya paa ili hewa ya moto itoke. Kéré alifanya hivyo hivyo kule Gando: bati aliliinua mbali na dari ili upepo upite katikati. Kupaka bati rangi nyeupe nako kunasaidia, na gharama yake si kubwa. Ukitaka kupanua dirisha, panua la kaskazini: mwezi wa sita, asubuhi za baridi, jua huinamia upande huo na litaingia ndani bila kuombwa.

Swali: Je, maji ya paa yanafaa kukingwa? *Msomaji, Ruashi*

Jibu: Yanafaa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita 80 za mraba likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 1,600, ingawa sehemu yake hupotea njiani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati. Kwa kuwa mji wetu una vumbi la madini, maji hayo yawe ya kufua, kumwagilia na kukandia udongo wa matofali, si ya kunywa.