Jibu: Vyuma vya glokenspili kulia "ko" badala ya kuvuma

Mwalimu, umeuliza kwa nini vyuma viwili vya glokenspili (ala ya vyuma vilivyopangwa, vinavyopigwa kwa vijiti) ya bendi yenu hapo Bagamoyo vinalia "ko" na kukatika. Anza na pale vinapokalia. Chuma cha glokenspili hutulia, bila kutikisika, sehemu mbili tu: takriban asilimia 22.4 ya urefu wake kutoka kila ncha. Chenye sentimita 20, basi, kikalie sentimita 4.5 kutoka kila upande, juu ya kitambaa laini kisichochakaa. Kikisogea, au pini inayokishikilia ikikibana, sauti inakufa.

Halafu kuna kutu, maana upepo wa bahari hauna huruma. Futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya cherehani kidogo sana, kausha. Msasa usiguse! Ukipunguza chuma katikati, sauti inashuka. Ukipunguza ncha, inapanda.

Pigia vijiti vya plastiki ngumu, katikati ya chuma, na uinue mara moja.

Kuhusu noti: glokenspili inalia oktavu mbili (yaani ngazi mbili kamili za noti) juu ya zilivyoandikwa, na mlio unadumu. Kwa hiyo usiipe wimbo wote. Noti chache za kung'arisha filimbi zinatosha.