Maswali na majibu: Watoto wa Renoir, na yaya msiyemuulizia

Barua za safari hii karibu zote ni za Renoir, yule mchoraji Mfaransa wa kundi la Waimpreshonisti, waliochora mwanga na rangi kwa mipigo myepesi ya brashi, na picha alizowachora wanawe watatu: Pierre aliyezaliwa 1885, Jean wa 1894 na Claude wa 1901, ambaye nyumbani walimwita Coco.

*Yule msichana mwenye nywele ndefu anayeshona ni binti yake wa ngapi?*

Si binti. Ni Jean, na swali hili nimelijibu hadi limenichosha. Someni basi maelezo ya picha kabla ya kuniandikia. Ufaransa ya wakati ule watoto wadogo wa kiume walivishwa magauni, na nywele za Jean baba yake alizipenda mno kuzichora hata hakutaka zikatwe. Mkasi ulizifikia alipoanza shule. Picha yenyewe iko Chicago.

*Ni kweli uzeeni alifungiwa brashi mkononi kwa kamba?*

Hapana. Baridi yabisi ilimkunja vidole, na vitambaa mnavyoviona mikononi mwake kwenye picha za uzeeni vilikinga ngozi ya viganja. Brashi alipachikwa vidoleni na mtu mwingine. Sacha Guitry, mwigizaji na mtengenezaji filamu wa Ufaransa, alimpiga filamu akichora mwaka 1915, na anayemhudumia humo ni Coco.

*Aliwezaje kuwatuliza watoto saa zote hizo?*

Nani kakwambia walitulia? Mwaka 1909 alitaka kumchora Coco kwa vazi jekundu la mchekeshaji wa sarakasi, na soksi ndefu nyeupe. Soksi zilikuwa za sufu, zinawasha, mtoto akagoma. Akatishiwa viboko, akaahidiwa treni ya umeme, akaongezewa sanduku la rangi za mafuta. Mwishowe akakubali soksi za pamba, na baba akamaliza picha huku amefura kwa hasira. Leo iko kwenye jumba la makumbusho la Orangerie, Paris, na watu wanaitazama wakisema, jamani, upendo wa mzazi!

Siku nyingine kazi ya kumtuliza mtoto ilikuwa ya Gabrielle Renard, na hapa ndipo mnaponiudhi. Gabrielle alikuwa binamu ya Aline, mke wa Renoir. Aliletwa kutoka kijiji cha Essoyes mwaka 1894, bado kigori, amlee Jean. Kwenye picha ya Gabrielle na Jean, nayo ya Orangerie, yeye ndiye amempakata mtoto na kumchezesha kwa vinyago vya wanyama. Alimsomea hadithi asichoke, na mara nyingi akageuka yeye mwenyewe kuwa wa kuchorwa. Barua nne zimemwita "mama mzuri". Mama ni Aline! Mkiona mtoto mchangamfu kwenye picha, iwe ya Renoir au ya simu yako, ulizeni kwanza nani alikuwa anamshika. Na yaya wako mlipe kwa wakati.

Jean hakumsahau. Gabrielle alizeeka Marekani, jirani na Jean huyo huyo, akafariki 1959.

*Unaonaje, alikuwa baba bora?*

Kwa wavulana watatu, alikuwa baba aliyekuwepo. Ila mwaka 1870 alizaa binti, Jeanne, na Lise Tréhot, mwanamke aliyemchora mara nyingi ujanani. Jeanne alilelewa kwa watu, mbali na Paris, na baba akampelekea fedha kwa siri. Wanaoandika vitabu vya zawadi vyenye picha ya Coco kwenye jalada huliruka jambo hili. Mimi siliruki, na wala halinizuii kuupenda ule wekundu wa vazi.

*Wanawe walirithi kipaji?*

Pierre alikuwa mwigizaji, Coco mfinyanzi, Jean mwongozaji mkubwa wa filamu.

*Na picha walizorithi walizitunza?*

Jean aliuza kadhaa kugharimia filamu zake za kwanza. Msimlaumu. Nyumba imejaa picha, na filamu haijilipii.