Kabla hujaifunga heda POP

Fundi wangu aliponiona nashuka na jora la mkanda mweupe mkononi, alicheka mpaka akaweka spana chini. "Kaka, bomba limevunjika mfupa? Tulifunge POP?" Tangu siku ile, pale gereji mkanda wa kuzuia joto la ekzosi unaitwa POP, nami sijaona sababu ya kuutafutia jina jingine.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Wenye Subaru mnajua injini zetu zimelala, kwa hiyo heda, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, inapita chini kabisa, na bomba linalopanda kwenda kwenye tabo liko upande wa kulia, jirani na draivshafti, ekseli inayozungusha tairi la mbele. Buti la ndani la upande huo, ule mpira unaofunika grisi ya jointi, lilikuwa halikai. Nilibadilisha mawili ndani ya mwaka mmoja. Likishapasuka, grisi inarukia bomba, na kila nikikwama kwenye foleni ya barabara ya Bagamoyo harufu ya kuungua inaingia ndani ya gari. Mchawi alikuwa joto. Yale mabati ya kiwandani yanayokinga joto, fundi mmoja wa zamani aliyang'oa kwa kuwa yalikuwa yanapiga kelele, akayatupa. Nami nikamshukuru!

Kama yako bado yapo na yanagonga-gonga, usikubali yang'olewe. Boliti zake ndizo huliwa na kutu. Zungushia klipu kubwa ya stenlesi, ile ya kufungia mipira ya maji, ikaze, kelele zinakwisha. Mara nyingi ukishafanya hivyo hata POP huihitaji.

Mimi sikuwa na mabati, nikafunga. Na mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Nilinunua mkanda wa bei ya chini kabisa, heda yenyewe ya chuma cha kawaida tena iliyotumika, nikaizungushia yote mwanzo mwisho. Halafu gasketi za tapeti kava, vile vifuniko vya vali, zilikuwa zinavuja. Kwenye Subaru kava hizo zipo ubavuni, juu tu ya mabomba, kwa hiyo oili ikitoka inadondokea heda moja kwa moja. Bomba likiwa tupu, tone linaungua, unasikia harufu, basi. Bomba likiwa limevishwa, mkanda unainywa oili kama utambi wa koroboi. Siku moja moshi ulitoka pembeni mwa boneti nikiwa kwenye taa za Mwenge, nikazima gari na kushuka mbio. Halikuwaka. Lakini nilipoingia chini jioni ile nikabonyeza mkanda kwa bisibisi, oili ilichuruzika.

Kwa hiyo anza na uvujaji. Gasketi za tapeti kava, mafuta ya steringi, vyote vikauke kwanza. Ukiona baadaye kipande cha mkanda kimelowa oili, kikate ukitupe. Usijaribu kukiosha na petroli, tafadhali.

Kosa la pili lilionekana polepole. Ninaishi karibu na bahari, na masika madimbwi ya kwetu yanafika kwenye bampa. Mkanda uliolowa unakaa na maji yale yakiwa yamegusana na chuma, na chuma chenyewe sasa kinapata joto zaidi kuliko zamani kwa sababu limezuiwa lisitoke. Baada ya masika mbili nilipoufungua, heda ilikuwa inabanduka maganda kama kitunguu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa heda wanafuta garantii ukizifunga. Ya stenlesi inavumilia zaidi. Manifoldi ya chuma cha kalibu, ile heda nene ya kiwandani, iache ilivyo.

Sasa mkanda. Ipo aina mbili kubwa sokoni: wa nyuzi za kioo, na wa nyuzi za mwamba wa volkano uliosagwa na kuyeyushwa, ambao huuzwa kwa jina la titanium ingawa ni jiwe. Wa kioo unavumilia kama nyuzi 550 hadi 650 za Selsiasi, wa jiwe mzuri unafika 980 hivi. Soma boksi kwa makini, kwani wengi huandika kwa Farenhaiti: 1,200 inayokutisha pale ni 650 tu za kwetu. Gari lisilo na tabo, la mizunguko ya mjini, wa kioo unalitosha. Kwenye tabo, moshi ukikanyaga gari unaweza kupita nyuzi 800, hapo nunua wa jiwe. Rangi isikudanganye, kwani wa kioo uliopakwa rangi ya shaba unapendeza vilevile. Na kitambaa cheupe cha kukata kwa mita, kisicho na boksi wala maandishi, kiache dukani. Huwezi kujua kama si asibesto ya zamani.

Upana wa nchi mbili ndio wa kawaida, nchi moja kwa kona kali. Bomba la unene wa milimita 45 linakula karibu mita 3 na nusu za mkanda kwa kila mita moja ya bomba, kwa hiyo jora la mita 15 linamaliza mita 4 na kidogo.

Usifunge heda ikiwa kwenye gari. Itoe ikiwa imepoa, studi, zile boliti zinazoishika kwenye injini, uwe umezipulizia dawa ya kutu tangu jana yake, maana studi ikikatikia ndani ya silenda hedi utalia. Safisha bomba kwa brashi ya waya. Vaa glovu, mikono mirefu, miwani na barakoa. Mimi mara ya kwanza nilivaa singlendi, na vile vichembe vya kioo viliniwasha siku tatu. Mkanda wa kioo uloweke maji kidogo, unalainika na vumbi linapungua. Wa jiwe kwa kawaida hufungwa mkavu.

Anzia chini upande juu, kama unaezeka makuti, ili maji yateleze juu ya mikunjo badala ya kuingia ndani yake. Kila mzunguko upande juu ya mwenzake milimita 6 hivi, si nusu kwa nusu. Kijana mmoja ashike jora alivute, wewe uzungushe bomba. Ukiona mkanda unalegea kwenye kona, rudi nyuma. Ncha zifunge kwa tai za stenlesi. Za plastiki zitayeyuka kabla hujatoka getini. Acha wazi sehemu ya spana kwenye flanji, pale mabomba yanapoungana kwa boliti, na usifunike sensa ya oksijeni.

Ukiwasha mara ya kwanza itafuka moshi. Ni gundi ya kiwandani inaungua. Fanyia nje, na waambie majirani mapema. Wa kwangu alitoka na ndoo ya mchanga.

Safari hii nilinunua bomba la stenlesi nikafunga kipande kinachopanda kwenye tabo tu, pamoja na kile kinachotazamana na draivshafti. Heda iliyobaki iko wazi. Nguvu za gari sijaona tofauti yoyote, anayekwambia utaisikia kwenye pedali anakuuzia mkanda. Kila nikibadilisha oili naingia chini na tochi kuangalia kama kuna palipolowa. Buti la kulia mpaka leo zima. La kushoto ndilo limeanza kuchanika, na huko hakuna tabo ya kuisingizia.