Kabla hujashangilia ee ya 99

Wadogo zangu wa maabara, juzi nimeletewa tena kromatogramu (mchoro wa vilele kutoka HPLC, mashine inayotenganisha vilivyomo kwenye sampuli) yenye kilele kimoja, mwenyewe anacheka mpaka jino la mwisho. Namuuliza rasemi yake iko wapi, yaani mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa enantioma mbili (molekuli pacha, kama mkono wa kulia na wa kushoto), hana. Kusema nimechoka, sasa naandika.

1. Rasemi kwanza. Kilele kimoja kwenye HPLC kinaweza kuwa ee 99 (ee ni asilimia ambayo enantioma moja imeizidi nyingine), na kinaweza kuwa kolamu ya kirali (yenyewe ya mkono mmoja) iliyoshindwa kutenganisha enantioma zako. Mpaka uone vilele viwili vya rasemi vimeachana hadi chini kabisa, huna jibu.

2. Pima ghafi, yaani zao kabla ya kusafishwa. Hapa nina kovu. Nilikuwa nalinganisha ligandi za BOX (bisoksazolini, molekuli za kirali zinazoshika metali na kuelekeza mmenyuko) kwenye shaba. Ile yenye isopropili nilipima zao lake baada ya kulisafisha kwa kolamu ya silika. Nilipofika kwenye tert-butili, zao likaanza kuganda lenyewe ndani ya chupa, fuwele nyeupe kama sindano. Nikazichuja, nikazipima: 99! Jioni ile ile nikachora robo nne za ligandi (nafasi inayoizunguka metali ikigawanywa sehemu nne), nikaonyesha tert-butili inavyoziba upande mmoja wa shaba, mishale ya rangi tatu. Nikawasilisha mbele ya kundi zima kwa sauti ya mtu anayejua. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: kioevu ulichochuja kiko wapi?

Kilikuwa bado kwenye kabati la moshi, nashukuru uvivu wangu wa kuosha vyombo. Kikatoa 46. Fuwele zilikuwa asilimia 60 ya zao, kwa hiyo ukijumlisha kwa uzito mmenyuko ulikuwa umetoa 78 tu, karibu sawa na ile isopropili. Kilichochagua enantioma kilikuwa fuwele. Ligandi haikuhusika na ile 99, na mishale yangu ilikuwa inaeleza kitu ambacho hakikutokea. Tangu hapo nachota tone la ghafi kabla ya kugusa chochote. Na msidhani silika ina usalama: hata isiyo ya kirali inaweza kukupa ee tofauti mwanzoni na mwishoni mwa bendi moja, kwa hiyo unganisheni sehemu zote kabla ya kupima.

3. Fosfini (ligandi zinazoshika metali kwa fosforasi) zipigwe NMR ya fosforasi, kipimo cha sumaku kinachoonyesha hali ya atomi hizo, siku ya kuzitumia. BINAP, fosfini ya kirali, ikiwa huru hukaa karibu na −15 ppm. Ukiona kitu kuelekea +30, hiyo ni oksidi. Fosfini za alkili hazingoji hata umalize kuzipima kwenye mizani.

4. Ligandi izidi metali kidogo, 1.1 kwa 1, na vikorogwe pamoja kabla ya kuongeza sabstreti (kile kinachogeuzwa kuwa zao). Metali isiyoshikwa na ligandi ikifanya kazi peke yake itakupa rasemi. Si kila mfumo una huruma kama titani na tatrati za mkemia Sharpless, ambapo ligandi yenyewe ndiyo inayoharakisha mmenyuko.

5. Ligandi ya ee 50 ikikupa zao la ee 80, usiitupe data. Mkemia Kagan na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba uhusiano huo si lazima uwe mstari mnyoofu.

6. Kabla ya kuandika R au S, herufi zinazotaja upande wa molekuli, pangeni upya vipaumbele vya CIP (kanuni za Cahn, Ingold na Prelog za kupanga vikundi vinavyozunguka kitovu cha kirali). Sulfuri ikiingia jirani na kitovu hicho, herufi inaweza kubadilika bila molekuli kugeuka. Mwenzenu mmoja alitumia mchana mzima kutafuta kwa nini kichocheo "kimegeuka upande". Hakikugeuka.