Maua ya kienyeji kwa ajili ya nyuki na vipepeo

Ndugu yangu, umeuliza ni maua gani ya kienyeji, yanayodumu miaka mingi, yatakayowavuta nyuki na vipepeo katika ua wako mdogo wa Mukono, Uganda. Mimi ningeanza na mujaaja (jina la Kiganda la aina ya mrehani, Ocimum gratissimum), kwani ukipogolewa huchipua na kuchanua tena, na nyuki hawauachi. Kisha ningeongeza makaayi (Aspilia africana) yenye maua ya manjano, pamoja na pentasi (Pentas lanceolata), ambayo vijimrija vyembamba vya maua yake huwafaa sana vipepeo. Mululuza (Vernonia amygdalina, wenye majani machungu) ukae pembeni, maana hukua ukawa mti. Panda mvua za Machi zinapoanza. Tafadhali usikubali miche ya lantana, hata ukipewa bure: asili yake ni Amerika, huvamia malisho na huwadhuru ng'ombe wanaoila. Usinyunyize dawa za wadudu. Mimea ikishambuliwa vibaya, mwite afisa kilimo.