Maswali na Majibu: Karatasi za Tippu Tip na hesabu alizoacha

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi habari za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye huku Kongo ya mashariki anajulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip: mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyeshika njia za Maniema hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kisha akarudi Unguja na kuishi kwa mapato ya mashamba na nyumba zake hadi alipofariki tarehe 14 Juni 1905. Barua nyingi zilizotufikia hapa Bukavu hazikuuliza habari za vita vyake, bali za karatasi zake, na za karatasi za namna hiyo ambazo bado zimo katika familia zetu. Jambo hilo limenifurahisha sana, kwa kuwa vita vimesimuliwa vya kutosha, lakini hesabu bado.

Je, Tippu Tip mwenyewe aliacha maandishi, au yote tunayosimuliwa ni maneno ya Wazungu? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

Aliacha. Kubwa kuliko yote ni habari za maisha yake, ambazo aliziandika uzeeni kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode alizigeuza kwa herufi za Kilatini na kuzifasiri kwa Kijerumani, zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Anayezifungua akitarajia majigambo ya shujaa atashangaa, maana aliyeshika kalamu ni mfanyabiashara tangu mwanzo hadi mwisho. Anaanza na safari za karibu za biashara ya sandarusi, yaani utomvu mgumu wa miti, alipokuwa na umri wa miaka 12, na hata anaposimulia jinsi alivyomshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, mwaka 1867, hachelewi kutaja alichokipata: pembe frasila 1,950 na shaba ya Katanga frasila 700. Frasila moja ni karibu kilo 16, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya tani 30 za pembe na kama tani 11 za shaba. Wasomaji wetu wa Lubumbashi waitazame vizuri hesabu hiyo ya pili. Karibu miaka 40 kabla ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, shaba ya kwao ilikuwa ikifuliwa, ikipimwa na kuwekwa akiba hata nje ya Katanga, na tena ilikuwa ikiporwa.

Barua zake na za jamaa zake zimetawanyika. Zinazohusu shughuli zake na Stanley, yule msafiri wa Kizungu, na Dola Huru ya Kongo, yaani Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, zitafutwe katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Zinazohusu Sultani na konseli wa Uingereza zitafutwe katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru na wafanyabiashara Waarabu, ambamo Nyangwe na Kasongo zilitekwa na jeshi la Dola Huru chini ya Dhanis mwaka 1893, vilitawanya mengi, lakini barua kadhaa za Kiarabu na za Kiswahili kutoka Kongo zilipelekwa Ubelgiji, na mtafiti Xavier Luffin amezikusanya na kuzifasiri kwa Kifaransa. Kwetu sisi tunaosoma Kifaransa, huo ndio mlango ulio karibu zaidi.

Mzee, nasikia matajiri hao walikuwa na madeni makubwa. Mtu anawezaje kuwa tajiri na mdaiwa kwa wakati mmoja? (Msomaji wa Bagira, Bukavu)

Mwanangu, biashara yote ya bara ilisimama juu ya deni. Msafara ulihitaji mali kabla ya kupata hata pembe moja: nguo za merikani, zilizoitwa hivyo kwa kuwa mwanzoni zilitoka Marekani, kaniki, ushanga wa rangi iliyopendwa mahali fulani na kukataliwa mahali pengine, nyaya za shaba nyeupe na nyekundu, bunduki na baruti. Mali hiyo ilitolewa Unguja kwa mkopo, hasa na wafanyabiashara wa Kihindi. Aliyemdhamini sana Tippu Tip ni Taria Topan, Mwismailia aliyewahi pia kukodi forodha ya Unguja. Mkopeshaji alikaa pwani akisubiri, pengine miaka mingi, na pembe ziliporudi ndipo hesabu ilipofungwa au, mara nyingi zaidi, ilipofunguliwa upya kwa mkopo mkubwa kuliko wa kwanza.

Ndiyo maana karatasi ya deni ilikuwa na thamani kuliko fedha taslimu, na iliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Ukiishika khati ya namna hiyo utaona kwanza jina la Mungu juu, kisha mdaiwa anakiri kwa jina lake, la baba yake na la kabila lake kwamba fulani anamdai kiasi fulani cha riale, sarafu ya fedha ya wakati huo. Baada ya kiasi hicho mwandishi anaongeza nusu yake: riale mia moja, ambazo nusu yake ni hamsini. Hakuwa anarudia bure. Mtu mwenye hila angeweza kuongeza nukta au sifuri pembeni mwa tarakimu, lakini angelazimika kubadili na ile nusu pia, na hapo angenaswa. Chini kuna muda wa kulipa, tarehe ya Kiislamu, mashahidi, na maneno ya mwandishi kwamba ameandika kwa mkono wake. Mimi naipenda nusu hiyo kuliko mihuri yote ya makonseli, kwa sababu inaonyesha watu waliofahamiana vizuri na bado wakaendelea kuaminiana.

Ni kweli kwamba alikuwa gavana wa Leopold, na kwamba kuna mkataba? (Msomaji wa Himbi, Goma)

Ni kweli. Mkataba ulitiwa saini Unguja tarehe 24 Februari 1887, mbele ya konseli wa Uingereza, na Stanley akiwa upande wa Leopold. Tippu Tip alikubali kuwa wali, yaani gavana, wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, kupandisha bendera ya Dola Huru na kuzuia biashara ya watumwa katika sehemu hiyo. Palikuwa pia na mapatano ya kutoa wapagazi kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Misri huko Sudani ya kusini, na hayo ndiyo yaliyozaa ugomvi, Stanley akamshtaki Unguja akidai fidia. Kesi hiyo haikufika mbali, lakini imetuachia karatasi nyingi.

Aliporudi pwani mali yake ilikuwa nini hasa, na hati za ardhi zilikuwaje? (Msomaji wa Nguba, Bukavu)

Ilikuwa ardhi, nyumba na watu. Inasemwa kwamba mwishoni alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Shamba la Unguja wakati huo lilihesabiwa kwa miti, si kwa vipimo vya ardhi: minazi mingapi, mikarafuu mingapi, na linapakana na nani kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Hati iliwataja majirani wote wanne, kwa hiyo mwenye hati tatu za mtaa mmoja anaweza kuuchora mtaa mzima. Mwenye shamba akihitaji fedha aliliweka rahani, mara nyingi kwa mauzo yenye sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda fulani shamba linarudi kwake, naye huku akiendelea kukaa na kulipa kodi. Mashamba mengi ya karafuu yaliingia mikononi mwa wakopeshaji kwa njia hiyo. Anayesoma hati ya mauzo bila kuangalia kama ina sharti hilo atadhani mtu amehama, kumbe yuko palepale.

Mama wa bibi yangu alichukuliwa na msafara kutoka upande wa Kabambare. Je, jina lake linaweza kuwa katika vitabu vya wafanyabiashara hao? (Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi)

Dada yangu, swali lako limenikaa moyoni, na nitalijibu bila kukuficha. Katika hesabu za msafara, mpagazi wa kulipwa aliandikwa jina, kwa kuwa mshahara hauna pa kwenda bila jina. Mateka alihesabiwa tu. Kwa hiyo katika daftari la njiani uwezekano ni mdogo sana.

Lakini njia haikuishia hapo, na wengi walipata majina katika karatasi za baadaye. Waliofika Unguja na kuachwa huru wanaonekana katika khati za kadhi, wakinunua kibanda au wakikopa riale chache, na baada ya jina lao imeandikwa kwamba ni huru wa fulani. Jina hilo la bwana wa zamani, ingawa linauma, ndilo uzi wa kufuata. Baada ya utumwa kuondolewa katika sheria ya Zanzibar mwaka 1897, walioutaka uhuru wao walikwenda mahakamani kuuomba, na mahakama iliandika. Wasiofika pwani pia hawakupotea wote. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki waliokabidhiwa kituo cha Mpala mwaka 1885, walikomboa watu kando ya Ziwa Tanganyika na kuwaandika katika vitabu vya ubatizo. Kama kwenu kuna kumbukumbu ya Mpala au ya misheni nyingine ya ziwani, anzia huko kabla ya Unguja. Andika kwanza kila kinachosimuliwa nyumbani: jina la utotoni, jina la ubatizo au la Kiislamu, mto, mtawala wa mahali pale. Daftari halitakujibu usipolipelekea majina.

Na ninaomba wenye daftari za zamani, hasa familia zenye asili ya Kasongo, wasizifiche kwa aibu. Orodha ya watumwa iliyomo ndani yake si mali ya mwenye daftari peke yake.

Tuna bati la karatasi za babu zenye herufi za Kiarabu. Sheikh amesema hazisomeki. Tuzifanyie nini, na je, tuzifunge kwa plastiki? (Msomaji wa Katindo, Goma)

Msizipitishe katika mashine ya plastiki kamwe, wala msizibandike utepe wa gundi. Joto na gundi huharibu karatasi moja kwa moja, na hakuna fundi atakayeweza kurudisha. Zitoeni katika bati, kwa kuwa kutu na unyevu huingia, mziweke katika bahasha za karatasi ndani ya sanduku la katoni lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa na jua. Msizipange upya kwa ukubwa au kwa uzuri. Karatasi zilizofungwa pamoja kwa uzi zilikuwa na sababu ya kufungwa pamoja, pengine deni moja na malipo yake yote.

Kuhusu kusomeka, huenda sheikh amesoma vizuri na lugha si Kiarabu. Kiswahili cha herufi za Kiarabu mara nyingi hutumia herufi moja kwa sauti za b, p na mb, na irabu huachwa, kwa hiyo asiyetazamia Kiswahili hupotea. Mwambieni asome kwa sauti mbele ya mzee wa Kimaniema. Tarehe nazo zina kipimo chake: mwaka 1305 wa Kiislamu, kwa mfano, ulianza Septemba 1887.

Pigeni picha kila ukurasa, mbele na nyuma, kwa mwanga wa mchana, na nakala moja ikae nje ya Goma. Mji uliopitiwa na lava tarehe 17 Januari 2002 hauhitaji kuelezwa sababu.

Mtu fulani ametaka kununua barua za ukoo wetu. Tumwuzie? (Msomaji wa Panzi, Bukavu)

Sikushauri. Akitaka kusoma, asomee kwenu au apewe picha. Ikiwa ukoo mzima umekubaliana kuzikabidhi mahali pa kuhifadhi, kama vile chuo kikuu au Jumba la Makumbusho la Taifa Lubumbashi, basi kwanza zipigwe picha zote, kisha mdai barua ya kupokea yenye idadi ya karatasi, tarehe na saini za pande zote mbili.