Sampuli ya kipindupindu usiitie friji: kwa mnaoanza maabara huku Lamu

Wadogo zangu mnaokuja kuanza kazi huku, hili lishikeni kabla ya mengine yote. Mimi mwaka wangu wa kwanza nililetewa swabu, kile kijiti cha pamba chenye kinyesi, ya mama mmoja anaharisha maji meupe kama yalooshewa mchele, boti ya kuipeleka Mokowe upande wa bara ishaondoka, nikaitia swabu friji mpaka asubuhi nikijua naihifadhi, basi majibu yakarudi hakuna kitu na yule mama yuko kwenye dripu na jirani zake wawili washalazwa. Iliniuma sana. Vibrio, yaani bakteria wa kipindupindu na jamaa zake, hawawezi baridi kabisa. Swabu itie kwenye Cary-Blair, ile chupa ya kusafirishia sampuli, funga vizuri, iache kivulini na joto la kawaida, na ichukuliwe kabla mgonjwa hajapewa antibiotiki, ila dripu na ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa, visingoje maabara hata dakika moja.

Kile kijiti cha kupima haraka ni cha kukushtua tu, usiishie hapo, lazima uoteshe. Anza na maji ya peptoni yenye alkali, saa 6 hadi 8, halafu ukichota chota juujuu na usitikise chupa maana vibrio hupanda juu kutafuta hewa, ndio upande kwenye TCBS, ile agari ya kuoteshea vibrio. Na TCBS ni ya kuchemsha tu, ukiitia otoklevu, ule mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu, umeiharibu.

Kesho yake utaona koloni, yaani vidoa vya bakteria walioota, za manjano, na hapa ndipo vijana wengi wanakimbilia kuandika jibu. Ngoja! Sisi bahari iko mlangoni na samaki tunakula kila siku, na Vibrio alginolyticus wa baharini naye ni manjano vilevile, parahaemolyticus ndiye kwa kawaida hutoka kijani. Kwa hivyo hamisha koloni kwenye agari ya kawaida kwanza, ndipo ufanye oksidesi, kipimo cha kimeng'enya kinachogeuza rangi, usiifanye moja kwa moja kutoka TCBS kwa sababu ile sukari iliyomo kwenye TCBS inaleta asidi na kipimo kinakudanganya. Ikigeuka zambarau, endelea na antisera, yaani dawa za kutambua aina ya bakteria, za O1 na O139, zile aina mbili zinazoleta mlipuko wa kipindupindu, na kama ni O1 utafute ni Ogawa au Inaba, matawi yake.

Na kwenye fomu andika mgonjwa anateka maji wapi, kisima kipi, mtaa upi. Mjini humu visima vingine viko hatua chache tu na vyoo vya shimo, na afisa wa afya anataka kujua hilo leo hii, koloni zako zitamjibu kesho kutwa.